Gari la kupimwa linunuliwe dukani



Nataka kutoa maoni yangu kuhusu majarida ya magari ya Uingereza na Marekani, na hasa zile kurasa ambazo wapenzi wa magari ya spoti huzifungua kwanza, yaani majaribio ya barabarani. Najua wapo watakaocheka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, sina gari, na barabara inayofika shuleni kwetu hukatika kila msimu wa mvua. Lakini majarida hayo nimeyasoma tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, ambako maktaba yetu ilikuwa na maboksi ya nakala kuukuu za msaada. Mpaka leo vijana wa gereji iliyoko njia panda huniletea habari za magari kwenye simu zao ili niwafasirie Kiingereza. Hubishana mpaka jioni: gari lipi lina mbio, limetumia sekunde ngapi, nani kasema. Na kila ubishi unapofika mwisho, anayeshinda ni yule anayesema, "Imeandikwa."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza niwape haki yao wenye majarida. Jaribio la barabarani si maneno matupu. Majarida kama Autocar la Uingereza, lililoanza mwaka 1895, na Road & Track la Marekani, lililoanza mwaka 1947, yalijenga desturi ya kupima kwa vyombo. Wapimaji wa zamani walijua kuwa mita ya mwendo iliyo mbele ya dereva haiaminiki, maana kwa kawaida huonyesha mwendo mkubwa kuliko ule wa kweli. Kwa hiyo walifunga nyuma ya gari gurudumu la tano, jepesi kama la baiskeli, lenye mita yake. Gari likakimbizwa upande mmoja wa barabara, kisha likarudishwa upande wa pili, wakachukua wastani ili upepo au mteremko usilisaidie. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi na naiheshimu. Nimeitumia darasani kufundisha wastani, na watoto waliielewa upesi kuliko ile mifano ya maembe na machungwa.

Lakini swali ambalo wasomaji wengi hawaulizi ni hili: gari lenyewe lililopimwa limetoka wapi?

Mwezi Machi 1961 kampuni ya Jaguar ilionyesha gari lake la E-Type mjini Geneva, Uswisi. Autocar lilipewa gari moja la kujaribu, likaandika kwamba lilifikia maili 150.4 kwa saa, yaani kilometa 242. Jarida la The Motor lilipewa jingine, likapata maili 149.1. Gari hilo liliuzwa Uingereza kwa zaidi kidogo ya paundi 2,000, bei ndogo mno kwa gari la mwendo wa namna ile, na habari hizo ziliwatia watu wazimu. Namba 150 ikawa kama jina la pili la E-Type. Kumbe magari yale ya waandishi yalikuwa yameandaliwa kiwandani kwa uangalifu wa pekee, na wengi walionunua yale ya kawaida hawakuiona hiyo 150. Mpimaji hakudanganya, na mita yake ilisoma sawasawa. Ila msomaji aliyetoa fedha zake alidhani anasoma habari za gari atakalouziwa yeye.

Huko Marekani mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwezi Machi 1964 jarida la Car and Driver liliweka kwenye jalada lake picha iliyochorwa ya Pontiac GTO ikishindana na Ferrari GTO ya Italia. Ndani yake hapakuwa na mashindano yoyote, kwa sababu Ferrari haikupatikana. Pontiac ilijaribiwa peke yake, ikaripotiwa kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa kwa sekunde 4.6, na hilo lilikuwa jambo la ajabu kwa gari la bei ya kawaida. Miaka mingi baadaye Jim Wangers, aliyekuwa mtu wa matangazo ya Pontiac, alieleza waziwazi kwamba gari lililofanya maajabu yale halikuwa na injini ya inchi za ujazo 389 iliyouzwa kwa wananchi. Lilikuwa limewekewa injini kubwa zaidi, ya inchi 421, ambayo kwa nje ilifanana na ile ndogo kiasi kwamba mtu akifungua boneti haoni tofauti.

Walimu wenzangu watanielewa. Mkaguzi, ambaye siku hizi huitwa mthibiti ubora wa shule, akitangaza siku atakayokuja, huikuta shule imefagiliwa, chaki zipo, na mikono inayonyooshwa darasani ni ya wale wanaojua majibu. Akirudi ofisini ataandika ripoti ya kweli tupu juu ya siku hiyo moja. Mzazi anayetaka kujua mtoto wake anafundishwaje siku nyingine zote ripoti hiyo haitamsaidia.

Jambo la pili ni fedha za matangazo. Jarida la magari huishi kwa matangazo ya wale wale ambao magari yao linayapima. Mwaka 1968 Car and Driver hilo hilo lilijaribu gari dogo la Opel Kadett, la kampuni ya General Motors, likaliponda vibaya, na ili kukoleza maneno wakalipiga picha katikati ya jalala la magari mabovu. General Motors ikaondoa matangazo yake kwa muda. Mimi nawasifu waandishi wale kwa ujasiri, ingawa picha ya jalala ilikuwa dhihaka kuliko kipimo. Lakini fikiria mhariri wa jarida jingine aliyeliona jambo hilo, naye ana mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi. Hahitaji kupigiwa simu na mtu yeyote. Kalamu yake italegea yenyewe.

Kuna na jambo la muda. Jarida la Motor Trend lilichagua Chevrolet Vega kuwa Gari la Mwaka 1971. Vega lilikuja kujulikana kwa injini ya aluminiamu iliyopata joto kupita kiasi na kwa bodi iliyoliwa na kutu mapema. Mpimaji anayekaa na gari jipya kwa siku chache angeionaje kutu ya miaka mitatu ijayo? Kwa haki, baadhi ya majarida yalijirekebisha na sasa hukaa na magari kadhaa mpaka yamalize maili 40,000 ndipo yanapotoa hukumu. Kurasa hizo hazina mbwembwe, na vijana wa njia panda hawajawahi kuniletea hata moja.

Kioja kikubwa kuliko vyote kilikuja mwaka 2015. Hapa sisemi tena magari ya spoti, lakini somo ni lile lile. Volkswagen ya Ujerumani ilibainika kuwa imeweka katika magari yake ya dizeli, kama milioni 11 duniani, programu iliyotambua kwamba gari linapimwa moshi. Likiwa kwenye kipimo lilitoa moshi safi, likiwa barabarani liliurudia uchafu wake. Volkswagen Jetta ya dizeli ilikuwa imepewa tuzo ya Gari la Kijani la Mwaka 2009, na Audi A3 ya dizeli ile ya mwaka 2010, tuzo ambazo zilifutwa baada ya siri kufichuka. Walioanza kuifichua walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ambao walifunga vyombo vyao ndani ya magari na kuyaendesha katika barabara za kawaida. Yaani gari lenyewe lilikuwa limefundishwa kumtambua mkaguzi!

Sasa wapo wanaopima kwa njia nyingine. Consumer Reports la Marekani, la shirika lililoanzishwa mwaka 1936, halichukui matangazo, na magari linayoyapima hulinunulia dukani kwa fedha zake bila kujitambulisha, kama mteja yeyote. Wapenzi wa magari ya spoti wamelidharau jarida hilo miaka nenda rudi. Husema linapima magari kama mashine za kufulia nguo. Na ni kweli, mashine za kufulia nazo hulipimwa humo. Nawaelewa wanaolalamika. Gari la spoti hununuliwa kwa moyo, na namna usukani unavyozungumza na mikono ya dereva kwenye kona haiwezi kuandikwa kwenye jedwali. Mwandishi mwenye kipaji anaweza kumfanya mtu kama mimi, ambaye sijawahi hata kuketi ndani ya E-Type, nisikie injini yake ikipanda sauti. Starehe hiyo siwanyimi watu. Nisichokubali ni kuichanganya na kipimo, halafu kumwambia msomaji kwamba vyote viwili ni kitu kimoja.

Wala kununua dukani hakumalizi kila mgogoro. Mwaka 1988 Consumer Reports liliandika kwamba Suzuki Samurai hupinduka kwa urahisi likikwepa kitu barabarani. Mwaka 1996 Suzuki ilikwenda mahakamani ikidai kwamba wapimaji waliliendesha kwa namna ya kulitafutia kupinduka. Kesi ilimalizika mwaka 2004 kwa makubaliano, bila mtu kulipwa fedha. Lakini tazama tofauti: hapa watu waliweza kubishana juu ya jinsi dereva alivyokata usukani, kwa sababu jaribio lilifanywa waziwazi, na hakuna aliyesema kwamba gari lile halikuwa lile linalouzwa.

Watu wazima wa kwetu watanikumbusha mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Watasema lile ndilo lilikuwa jaribio la barabarani lisilo na ujanja, maana tope halipokei rushwa. Ni kweli Datsun 240Z, gari la spoti hasa, lilishinda Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973, na jina la Datsun likapata heshima kubwa Afrika Mashariki. Lakini magari yale nayo yalikuwa yameimarishwa na kiwanda kwa ajili ya mashindano, na mafundi waliyasubiri njiani wakiwa na vipuri. Aliyekwenda kununua Datsun kwa sababu ya Safari hakupewa mafundi hao.

Sisi tunaingiaje? Vijana wawili wa gereji yetu wanachanga fedha wanunue Toyota Altezza kuukuu kutoka Japani. Wameona kwenye simu kwamba lilikuwa Gari la Mwaka nchini Japani mwaka 1998, na wametazama video za watu wakilisifu. Sipingi, Altezza ni gari zuri. Lakini waamuzi wa mwaka 1998 walipima magari mapya, kwenye lami, na utengenezaji wake uliisha mwaka 2005. Gari watakaloletewa limeshapita mikononi mwa watu wasiowajua, na hakuna jarida duniani lililolipima hilo moja. Walimu nao hufanya hivyo hivyo, tena kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara miaka mingi, wakati gari limesimama chini ya mwembe.

Ombi langu kwa wahariri wa magazeti, redio na televisheni za hapa nchini, na kwa hawa wanaojirekodi kwenye simu wakisifu magari na pikipiki, ni dogo. Mwanzoni mwa kila sifa wawekwe wazi wananchi kwa mstari mmoja: chombo hiki tumekinunua, au tumeazimwa na muuzaji, au tumelipwa. Kama ni cha kuazima, waseme kilikaa nao siku ngapi na kilipita barabara gani. Nafasi ya mstari mmoja haikosekani hata kwenye gazeti lenye kurasa chache.

Na nyinyi vijana wa njia panda, ambao najua mtaisoma barua hii kabla yangu kwa kuwa gazeti hupitia kwenu, fedha za Altezza zisitoke mfukoni mpaka fundi wenu mwenyewe alale chini ya gari lile lile mtakalolinunua.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mufindi.