Bwana harusi naye aisikilize Mithali 31

Katika harusi nyingi za kanisani, Mithali 31 ikianza kusomwa, macho humgeukia bibi harusi. Anahesabiwa kazi: kuamka kungali usiku, kusokota, kulisha nyumba nzima. Bwana harusi ameketi kando yake akitabasamu, kana kwamba somo halimhusu.

Lakini sura hiyo inaanza na mwanamume. Aya ya kwanza inasema hayo ni mausia ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Mshairi Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimuusia bintiye namna ya kuishi na mume. Mama yake Lemueli, kinyume chake, alimkalisha chini mwana wa kiume, akamwonya juu ya wanawake na ulevi, akamwagiza awatetee maskini. Shairi la mke mwema linakuja baada ya hapo.

Nalo ni shairi la sifa. Aya zake 22 zinafuata herufi 22 za Kiebrania, moja baada ya nyingine, ufundi ambao tafsiri haikuweza kuubeba. Hata neno “mwema” limepunguza makali ya asili. Kiebrania kinasema “hayil”, neno la nguvu na ushujaa, lile lile lililomo katika salamu ya malaika kwa Gideoni kwenye Waamuzi 6. Mwanamke huyu analikagua shamba na kulinunua, anapanda mizabibu kwa mapato yake, anawauzia wafanyabiashara mavazi ya kitani. Mumewe hakai kimya: anamsifu. Katika nyumba nyingi za Wayahudi shairi hili huimbwa Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, kumheshimu mama wa nyumba.

Wimbo Ulio Bora unakwenda mbali zaidi. Katika sura zake 8, mwanamke ndiye anayefungua mazungumzo na ndiye anayeyafunga. Anasifiwa uzuri wake, naye anamsifu mpenzi wake kuanzia kichwani hadi miguuni.

Kuna neno moja la Kiebrania lenye maana ya tamaa au shauku, “teshuka”, ambalo katika Agano la Kale lote limetumika mara tatu tu, mbili kati ya hizo kuhusu mwanamke na mwanamume. Katika Mwanzo 3, baada ya tunda kuliwa, shauku ni ya mke kwa mumewe, na mume anamtawala. Katika Wimbo Ulio Bora 7 mwanamke anasema shauku ya mpenzi wake iko kwake. Habari ya kutawala haitajwi kabisa.

Anayeitumia Biblia kumfanya mke mtumishi wa nyumba ameyaruka mashairi haya mawili.

Wachungaji na mapadri wanaofungisha ndoa wasiishie kwenye aya za kazi. Waisome Mithali 31 mpaka aya ya mwisho, inayoagiza mwanamke apewe matunda ya mikono yake, na waisome wakimtazama bwana harusi. Shamba ambalo mke amelinunua kwa jasho lake, jina lake liandikwe kwenye hati.