Dhara la Dawa kwa Mtoto Liandikwe

Wananchi wa visiwa hivi wameona kwa macho yao jinsi maradhi mengi yaliyokuwa yakiwazika watoto wetu yalivyorudi nyuma. Mwaka 2003 dawa mseto ilianza kushika nafasi ya klorokwini, ambayo vijidudu vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea. Na kwa msaada wa vyandarua na upigaji dawa majumbani, malaria ikapungua sana Unguja na Pemba. Kabla ya hapo, mwaka 2001, umma mzima ulianza kumezeshwa dawa za kuzuia matende, na watoto wa skuli wamekuwa wakipewa dawa za kichocho na minyoo. Hizi ni neema, na hakuna mwenye akili timamu atakayezibeza.

Hata hivyo, hakuna dawa isiyokuwa na pande mbili. Ile inayomponya mtoto huyu yaweza kumdhuru mwengine. Kwa hiyo jambo tunalotaka kulisema leo ni moja: dhara la dawa linalompata mtoto, likionekana au hata likishukiwa tu, liandikwe na lipelekwe kunakohusika, na yule anayelipokea amjibu aliyeandika.

Kwanza tuelewe kwa nini tunamtaja mtoto mbali na mtu mzima. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ini lake na figo zake bado zinakua, na dawa hukaa mwilini mwake kwa namna nyengine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari waligundua kuwa kloramfenikoli, dawa iliyowaokoa watu wazima wengi wenye homa ya matumbo, ilikuwa ikiwaua watoto wachanga. Walilegea, wakageuka rangi ya kijivu, kwa sababu maini yao hayakuwa bado na uwezo wa kuivunja. Aspirini nayo, ambayo nyumba nyingi duniani ziliiona kuwa haina neno, ilikuja kuhusishwa na maradhi hatari ya ubongo na ini kwa watoto wenye mafua makali au tetekuwanga, na mwaka 1986 Uingereza ikashauri wasipewe watoto walio chini ya miaka 12.

Juu ya hayo, dawa nyingi zilijaribiwa kwa watu wazima, kisha kipimo cha mtoto kikakadiriwa kwa uzito wake. Nyumbani kipimo hicho hutiwa katika kijiko cha chai, na vijiko vya nyumba mbili havilingani. Tena mtoto mchanga hana lugha. Hawezi kusema kuwa anaona kizunguzungu au kuwa moyo unamwenda mbio. Analia tu, na kilio chake hupewa kila maana: meno, njaa, au jicho baya. Kama mama na muuguzi hawakumsemea, hana wa kumsemea.

Historia ya dawa ina mafunzo machungu juu ya jambo hili. Mwaka 1937 huko Marekani kiwanda kimoja kiliyeyusha dawa ya salfa katika kimiminika kitamu kiitwacho daiethilini glaikoli, bila ya kujua au kujali kuwa ni sumu. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Mwaka 1957 Ujerumani ya Magharibi ilianza kuuza thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyosifiwa kuwa salama hata kwa wajawazito. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na viungo vilivyokatika au kupindika. Kilichosaidia kufichua balaa hilo ni daktari wa watoto wa Ujerumani, Widukind Lenz, aliyekwenda kuwauliza akina mama mmoja mmoja walimeza nini, na daktari wa uzazi wa Australia, William McBride, aliyeandika barua fupi katika jarida la madaktari mwaka 1961, akieleza alichokiona na kuuliza kama wenzake nao wamekiona.

Na asidhani mtu kuwa hayo ni ya zamani. Mwaka 2022 nchini Gambia, nchi ndogo ya Kiafrika kama zilivyo ndogo nchi zetu hizi, watoto wapatao 70 walikufa baada ya figo zao kusita kufanya kazi. Wengi walikuwa chini ya umri wa miaka mitano. Dalili iliyowashtua madaktari ilikuwa nyepesi kuonekana na kila mama: mtoto haendi haja ndogo. Dawa za maji za kikohozi na mafua walizopewa, zilizotoka ng'ambo, zilikutwa na sumu ile ile ya mwaka 1937. Mwaka huo huo Indonesia nayo ilizika watoto wapatao 200 kwa mkasa wa namna hiyo. Visiwa vinavyoletewa dawa zake kwa meli na ndege havina haki ya kulala usingizi mzito.

Baada ya msiba wa thalidomaidi, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1968 mpango wa nchi 10 wa kukusanya habari za madhara ya dawa. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Leo nchi zaidi ya 150 zimo, na hazina ya habari hizo iliyoko Uppsala, Sweden, ina taarifa zaidi ya milioni 30. Lakini sehemu inayotoka Afrika ni ndogo mno. Hili halina maana kuwa watoto wa Afrika hawadhuriki. Maana yake ni kuwa wanadhurika na haliandikwi neno. Wanavyuoni wetu wa kale hawakuwa hivyo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka masharti ya kuijaribu dawa, na mojawapo ni kuwa athari yake itazamwe katika mwili wa binadamu mwenyewe, kwa kuwa inayofaa kwa mnyama huenda isimfae mtu.

Wapo wanaosema kuwa kuzungumzia madhara ni kuwatia wananchi hofu, waje kukataa chanjo na dawa za umma. Sisi tunasema kuwa hofu huzaliwa na ukimya. Mwaka 2008 mkoani Morogoro watoto wa skuli walipewa dawa za kichocho na minyoo. Baadhi yao walipatwa na kizunguzungu na kuzirai. Wazazi, ambao hawakuelezwa vya kutosha tangu mwanzo, walisikia uvumi kuwa watoto wao wametiliwa sumu. Ghasia zikazuka na kazi ikasimamishwa. Hapa kwetu, zilipotaka kutolewa kwa pamoja dawa tatu, za matende, minyoo na kichocho, watu zaidi ya 5,000, watoto na wakubwa, walipewa kwanza na kufuatiliwa hali zao. Yalipoonekana madhara kuwa mepesi na ya kupita, ndipo dawa zikaenezwa kwa mamia ya maelfu. Huo ndio mwendo wa serikali inayowaheshimu watu wake: kutazama, kuandika, kueleza, kisha kusonga mbele.

Wapo pia wauguzi wanaoogopa kuandika, wakihofu kuulizwa kwa nini walitoa dawa ile. Hofu hii haina budi iondolewe na wakubwa wenyewe. Taarifa ya dhara si mashitaka. Mtoto aweza kupata vipele, macho kuwa manjano au mkojo kuwa mweusi ilhali muuguzi amefuata kila kanuni. Akiitwa ofisini na kukaripiwa kwa kuandika, wenzake kumi watajifunza kunyamaza, na sanduku la taarifa litabaki tupu. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi kila mmoja ashike lake. Mama asitupe chupa wala pakiti mpaka mtoto apone, kwani jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho vimo humo. Akumbuke siku aliyoanza kumpa, kiasi gani, na dawa nyengine alizompa, zikiwemo za miti shamba, bila ya kuona haya. Mwenye duka la dawa asibadilishe dawa ya mtoto kwa kubahatisha, na mteja akirudi na malalamiko asimfukuze. Muuguzi aandike umri na uzito wa mtoto, dawa, dalili, siku ilipoanza na mwisho wake; wala asingoje uthibitisho, kwani shaka yenye maelezo yatosha. Sheha na viongozi wa matawi wawaelekeze wananchi kituoni, kabla ya habari kufika barazani ikiwa imekwisha kuvikwa mapembe.

Kwa ndugu zetu wa Wizara ya Afya na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, tuna maombi matatu. Fomu za taarifa zifike katika kila kituo cha afya, Kusini Unguja na Micheweni sawa na Mnazi Mmoja. Kila taarifa ijibiwe, japo kwa mistari miwili, ili mwandishi wake ajue kuwa kalamu yake haikuandika juu ya maji. Na kila mwaka wananchi waelezwe kwa Kiswahili fasaha ni taarifa ngapi za watoto zilizopokewa, na hatua gani zilizochukuliwa, ikiwa ni pamoja na dawa zilizoondolewa madukani.

Gharama ya mambo hayo ni karatasi, kalamu na uaminifu. Tumefundishwa tangu vyuoni kuwa mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Nchi inayoweza kumfikishia dawa mtoto wa kijiji cha mwisho cha Pemba haishindwi kumuuliza mama yake siku ya pili kama mtoto ameamkaje, na kuliandika jibu lake.