Chumba Kwanza, Mitambo Baadaye



Tulijiwa na mama mmoja ambaye mwanawe ni mtunzi wa kaswida. Kijana amemwomba fedha zake za mchezo wa akina mama, anunue mitambo ya kurekodi nyumbani. Mama akatuuliza: "Maalim, nimpe au nimnyime?" Tulimjibu ampe, lakini si zote, wala si kabla ya chumba kutengenezwa.

Kuhusu ala za muziki, wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani, nasi hatuufungui mlango huo leo. Tuzungumzayo hapa ni sauti ya mwanadamu na dufu.

Tunasema chumba kwanza kwa kuwa tulikwisha kukosea wenyewe. Miaka iliyopita tulinunua maikrofoni ya kondensa kwa bei kubwa, tukaiweka sebuleni, tukamrekodi bibi mmoja wa mtaani aliyehifadhi mahadhi ya tenzi za kale. Maikrofoni ya namna hiyo husikia kila kitu. Tuliposikiliza, tulikuta feni, bodaboda na mwangwi wa kuta, na sauti ya bibi imezama humo. Tukaahidiana kurudia baada ya Ramadhani. Ramadhani hakuifikia. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi enyi wazazi, mwambieni kijana asimame katikati ya chumba apige kofi moja. Sauti ikimrudia, atandike zulia, asimamishe magodoro ukutani na atundike mablanketi dirishani. Feni izimwe, na kazi ifanywe usiku mtaa ukitulia.

Kisha ndipo anunue. Maikrofoni ya dainamiki yenye waya wa USB huchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, na huchukua zaidi sauti iliyo karibu nayo. Msomaji akae umbali wa shubiri moja. Aongeze hedifoni za kufunika masikio, ili sauti ya kwanza isivuje anapoimba ya pili juu yake. Kisanduku cha kuunganishia maikrofoni kadhaa kingoje mpaka siku atakapotaka kurekodi msomaji na mpiga dufu kwa pamoja, kila mmoja kwa njia yake.

Programu asinunue, wala asichukue ya kuiba, kwani hiyo ni haki ya mtu. Audacity hutolewa bure tangu mwaka 2000, na humwezesha kupanga sauti tabaka kwa tabaka: kiongozi, waitikiaji, kisha dufu. Ahifadhi kazi katika faili za WAV, kwa biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde. MP3 iwe ya kuwatumia watu kwa simu tu, maana hupunguza sehemu ya sauti, na kilichopunguzwa hakirudi. Nakala ziwe mbili, katika sehemu mbili.

Tuna sharti moja kwa kijana huyo. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utenzi yapata mwaka 1858. Maneno yake tunayo hadi leo kwa kuwa yaliandikwa. Sauti yake hatuna. Kwa hivyo atakayeketi mbele ya maikrofoni siku ya kwanza awe nyanya yake, na kaswida zake mwenyewe zifuate. Kijana ana usiku mwingi mbele yake, inshaallah. Nyanya hatujui amebakiwa na mingapi.

Wabillahi tawfiq.