Katika picha za taka, mshtakiwa ni nani?

Muhula uliopita, mwalimu mmoja wa shule ya upili alinialika kutazama maonyesho ya picha yaliyotayarishwa na wanafunzi wake wa kidato cha tatu. Walikuwa wamepewa kazi ya mradi: kila kundi litoke na kamera, lipige picha za uchafuzi wa mazingira, kisha lichague tano za kubandikwa ukutani. Kazi njema, na hapana shaka vijana wale walijitahidi. Palikuwa na mitaro iliyozibwa na chupa za plastiki, mbuzi akitafuna kipande cha mfuko, moshi ukifuka juu ya jaa, na mto uliogeuka rangi ukawa kama chai ya mkandaa. Hata hivyo, nilipokwisha kuuzunguka ukumbi mara ya pili nilihisi kuna jambo linanikera, nisilijue ni lipi hasa.

Mara ya tatu nikalitambua. Kila palipokuwa na binadamu katika picha zile, binadamu huyo alikuwa maskini. Alikuwako mama mchuuzi wa mboga ameketi kando ya mtaro, mzee anayesukuma mkokoteni, na mvulana mwenye gunia mgongoni ameinama katikati ya taka. Chini ya picha ya mvulana huyo paliandikwa kwa hati nzuri: "Hivi ndivyo tunavyoharibu mazingira yetu." Nami nikamwangalia tena. Mvulana alikuwa akiokota chupa ili akaziuze kwa kilo. Katika maonyesho yote yale, ni yeye peke yake aliyeonekana akizipunguza takataka, na ndiye aliyetiwa hatiani.

Jambo la pili lililonishangaza ni kwamba hapakuwa na picha hata moja iliyopigwa ndani ya ua wa shule. Nyuma ya jiko la shule, kama ilivyo katika shule nyingi za humu nchini, liko shimo ambamo taka zote hutupwa pamoja na kutiwa moto kila jioni. Nililipita nilipokuwa nikielekea ukumbini, na moshi wake ulinifuata hadi mlangoni. Wanafunzi walikuwa wamepanda basi wakaenda kilomita kadhaa kuutafuta uchafu, ilhali mwingine wanaupisha kila siku wanapokwenda kuchukua sahani zao.

Siandiki haya kwa nia ya kumlaumu mwalimu yule, ambaye ni mtu mwenye bidii na aliyeyapokea maneno yangu kwa moyo mkunjufu. Ninaandika kwa kuwa miradi ya aina hii imeenea katika shule na vyuo vyetu, na aghalabu yote huangukia kosa lile lile. Kamera ina desturi ya kumtia hatiani yule aliye karibu nayo. Aliyeitengeneza chupa yuko ofisini katika ghorofa ya kumi. Aliyeyanywa maji yake aliitupa kupitia dirisha la matatu na sasa keshafika Thika. Afisa aliyepaswa kutuma lori la kuzoa taka hayuko wala hajulikani alipo. Anayebaki mbele ya kamera ni yule asiye na mahali pengine pa kuchuuza mboga, au yule ambaye chupa hiyo ndiyo riziki yake ya siku. Watu wetu humwita chokoraa, na neno lenyewe limembana katika kitendo cha kuchokora, kana kwamba hana jina wala kwao.

Tuchukue mfano wa Dandora, jaa ambalo yamkini limepigwa picha nyingi kuliko pahala pengine popote penye taka nchini. Lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, na mnamo 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Takataka za jiji la Nairobi zingali zinapelekwa huko hadi leo. Wanaoishi kwa kuchambua vyuma, chupa na karatasi katika jaa hilo wanafanya kazi ambayo jiji lingelazimika kuigharimia kwa mamilioni ya fedha. Mwanafunzi anayefika pale kwa saa moja, akabana pua kwa leso na kupiga picha za watu wenye nguo chafu, huondoka akiamini kuwa ameiona sababu ya uchafu. La hasha! Ameona mahali uchafu unapoishia. Sababu ameiacha nyuma yake, Westlands na Kilimani na katikati ya jiji, na pengine nyumbani kwao.

Nilimshauri mwalimu kwamba wanafunzi wake wasogee karibu zaidi na taka zenyewe, kiasi cha kulisoma jina lililopigwa chapa kwenye chupa. Kuna vuguvugu la kimataifa liitwalo Break Free From Plastic ambalo tangu 2018 limekuwa likiwahimiza watu wa kujitolea katika nchi nyingi wazikusanye taka za plastiki, wazimwage chini na kuzihesabu kwa majina ya kampuni. Ni kazi rahisi ambayo darasa lolote linaweza kuifanya kwa alasiri moja. Aidha, haiko mbali na sheria zetu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji awajibikie taka zitokanazo na bidhaa zake hata baada ya kuziuza. Picha inayoonyesha jina la kampuni kwenye chupa 200 zilizotolewa katika mtaro mmoja ina swali ndani yake, na swali hilo lina mtu wa kulijibu. Ile ya mvulana na gunia lake haina.

Watakuwapo watakaosema kwamba picha isiyo na binadamu haimgusi mtazamaji. Hoja hiyo ina uzito, nami sikusudii kuipuuza. Mfano wake mashuhuri unatoka Japani. Mwaka 1971, mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia mji wa Minamata, ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kimemwaga zebaki katika ghuba kwa miaka mingi, samaki wakaimeza, na wavuvi na jamaa zao wakawala samaki hao. Ugonjwa uliotokana na sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini umwagaji uliendelea hadi 1968. Smith alipigwa na kuumizwa vibaya Januari 1972, katika mzozo na watu wa kampuni hiyo. Miongoni mwa picha zake, iliyoishtua dunia ni ile ya mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na ulemavu kutokana na zebaki. Hakika, bila ya binadamu wale wawili Minamata isingejulikana kama ilivyojulikana.

Lakini tutazame jinsi picha ile ilivyopatikana. Smith na mkewe hawakupita Minamata kwa saa moja. Waliishi miongoni mwa wagonjwa kwa miaka, wakala nao na kujua majina yao, na mama yule aliridhia. Wala hapana aliyeitazama picha akafikiri kwamba aliyeichafua bahari ni mama au ni mtoto. Jina la Chisso lilitajwa waziwazi. Na bado haikuwa rahisi. Binti alifariki 1977, na sura yake ikaendelea kuchapishwa vitabuni na kubandikwa kutani duniani kote, mpaka wazazi wakaona kwamba mtoto wao hapumziki. Mnamo 1998, Aileen aliwakabidhi wazazi haki ya kuamua juu ya picha hiyo, nao walitaka apumzike. Ikiwa picha iliyopigwa kwa ridhaa na kwa mapenzi yote hayo iliwachosha wazazi, tuseme nini kuhusu ile ya kijana aliyenaswa kutoka kwenye dirisha la basi la shule, asiulizwe hata jina?

Sheria nayo ina neno hapa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari zinazomtambulisha mtoto kutumiwa, na sura ya mtoto ni habari kama hiyo. Mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuzieneza picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi. Tangu hapo walimu wengi wamekuwa waangalifu na sura za wanafunzi wao. Sijaona uangalifu kama huo kwa sura za watoto wa jaani, ingawa nao ni watoto mbele ya sheria hiyo hiyo.

Ipo sababu nyingine ya kuichukulia kazi hii kwa uzito kuliko inavyochukuliwa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinaendelea kusema kuwa mtu anayeona haki hiyo inavunjwa anaweza kwenda mahakamani, na halazimiki kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kwa maneno mengine, picha ya mwanafunzi inaweza kuwa ushahidi. Lakini itakuwa ushahidi wa nini ikiwa haina tarehe, haina mahali, wala hapana aliyeandika mto ni upi na bomba linatoka katika ua wa nani? Wakati wetu, filamu ilikuwa na picha 36 na kuisafisha kuligharimu fedha. Ukifikiri kabla ya kubonyeza na ukaandika katika daftari. Siku hizi kijana hurudi na picha 400 simuni, na ukimwuliza hii ni ya wapi, anakuna kichwa.

Na maandishi yanahitajika kwa sababu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kwamba madhara mabaya kabisa hayaonekani. Mwaka 2007, uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasababishia wakazi sumu hiyo hiyo. Waliposhtaki, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mnamo 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mpiga picha ambaye angefika kijijini humo angeona nyumba za mabati, kuku, na watoto wakicheza kwenye vumbi, asijue kuwa vumbi ndilo habari yenyewe. Vipimo vya damu na udongo ndivyo vilivyosema. Mwanafunzi anayepiga picha bila ya kuuliza, kusoma na kuandika atazileta takataka zinazochukiza macho na kuziacha zile zinazoua.

Kadhalika, picha moja haitoshi. Waliopita Kibarani, Mombasa, kabla ya 2018 wanakumbuka jaa lililowapokea wageni kwa uvundo walipokuwa wakiingia kisiwani. Leo pana bustani, na picha mbili zikiwekwa sambamba, ya zamani na ya sasa, kila mtu hupiga makofi. Nami ninapiga. Lakini mwanafunzi makini angelifuata lori lililoondoka Kibarani, na lingemfikisha Mwakirunge, upande wa Kisauni, ambako taka za mji hupelekwa na ambako watalii hawapiti. Picha ya tatu ingekuwa hiyo. Sijaiona katika maonyesho yoyote ya shule.

Basi nilimwambia mwalimu yule kwamba, lau mimi ndimi mtoa alama, ningetoa nusu ya alama kwa maelezo yaliyo chini ya picha: mahali, tarehe, taka zimetoka wapi, nani alipaswa kuziondoa, na kama yuko mtu katika picha, aliulizwa au hakuulizwa. Alicheka, akasema mitihani haina nafasi ya mambo hayo. Hata hivyo alikubali kuirudia kazi. Safari hii hapakuwa na basi. Wanafunzi waliambiwa wasitoke nje ya lango.

Juma lililofuata aliniletea matokeo. Picha iliyonivutia haikuwa na uzuri wowote. Ni shimo la nyuma ya jiko, limepigwa kutoka juu, mchana, na ndani yake, juu ya maganda na maharagwe yaliyomwagwa, zinahesabika chupa za soda zinazouzwa katika duka la shule na mifuko ya mkate inayoletwa na mgavi wa shule. Maelezo yake yalitaja tarehe, uzito wa taka za siku moja kama wanafunzi walivyozipima kwa mizani ya jikoni, na kifungu cha sheria ya 2022 kinachozitaka taasisi zote, za umma na za kibinafsi, kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Mwisho waliuliza, kwa adabu, ni nani shuleni aliyekabidhiwa jukumu hilo.

Picha hiyo ilikaa ukutani siku nne. Siku mbili kabla ya mkutano wa wazazi iliondolewa, na sasa imo katika mtoto wa meza ya mwalimu. Ile ya mvulana mwenye gunia ingali imebandikwa mlangoni mwa ukumbi.