Kijana Ajifunze Kuuliza Kabla ya Kwenda Chuo Kikuu

Kila mwaka, mwezi Mei, vijana wetu wa Kidato cha Sita humaliza mitihani na kurudi nyumbani. Wengine hupanda milima ya Umatengo wilayani Mbinga. Wengine huteremka mwambao wa Ziwa Nyasa, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hata kwa wale wanaoitwa kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, hubaki majuma mengi yasiyo na masomo. Majuma hayo tunayaacha yapite bure, kisha tunashangaa kijana anaposhindwa kazi ya kwanza anayopewa chuoni.

Ugumu wa kazi hiyo si wingi wa mambo ya kukariri. Ugumu wake ni kwamba jibu halimo katika daftari la mwalimu. Kijana huambiwa achague tatizo, akusanye ushahidi, aupime, atoe maoni yake na aonyeshe yametoka wapi. Aliyezoea kumeza maelezo na kuyatapika siku ya mtihani hana pa kuanzia. Ndipo anaponakili maandishi ya wengine, au anapochota kwenye intaneti, na kuyatia jina lake. Sisi humwita mwizi. Lakini ni nani aliyemfundisha kulima shamba lake mwenyewe?

Jambo hili si geni nchini mwetu. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kumfanya aamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba mwanafunzi asitoke Kidato cha Sita akaingia Chuo Kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi miongoni mwa wananchi. Utaratibu ule ulilegezwa baadaye, na leo haupo tena. Sidai urudishwe kwa amri. Hoja iliyokuwa ndani yake, hata hivyo, haijafa: anayekwenda kusoma kwa niaba ya wengi hana budi kwanza kuyajua maisha ya hao wengi.

Tuchukue mfano wa ngoro. Tangu kabla ya ukoloni Wamatengo wamelima miteremko mikali bila kuuacha udongo uende na maji. Majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika. Mashimo yanayobaki huzuia maji ya mvua, na juu ya matuta hupandwa maharage, halafu mahindi. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu ya kilimo hicho katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walifanya utafiti katika milima hiyo. Walifanya kazi njema, wala hatuwaonei kijicho. Aibu ni yetu sisi. Mtoto aliyezaliwa kando ya matuta hayo anaweza kumaliza miaka 13 ya shule bila kutakiwa hata siku moja aeleze kwa kalamu kwa nini ngoro za jirani mmoja hudumu na za mwingine hubomoka.

Swali hilo linamtosha. Atembelee mashamba kumi, apime mashimo kwa kamba, atazame mteremko, amwulize mwenye shamba kwa adabu na kwa idhini yake. Aliyoyaona kwa macho ayaandike upande mmoja, na aliyoambiwa upande wa pili. Tena asitazame mashamba mawili akatangaza habari za wilaya nzima.

Na kule ziwani, wavuvi wa usipa watamwambia kwamba taa hazivuti samaki vizuri usiku wa mbalamwezi. Hayo ni maneno ya wajuzi, lakini msomi hatosheki na kuambiwa. Kwa miandamo miwili ya mwezi ahesabu ndoo zinazoteremshwa ufukweni kila alfajiri, aandike hali ya mwezi na ya upepo, kisha alinganishe. Akiwakuta wavuvi wamesema kweli, atajua ni kwa kiasi gani. Akikuta upepo una nguvu kuliko mwezi, atakuwa na jambo jipya la kuwaeleza wazee wake.

Wapo watakaosema kwamba kijana anahitajika kuchuma kahawa. Na achume. Anayeandika kila jioni ni madebe mangapi yamechumwa, na ni kilo ngapi zimebaki baada ya kumenya, kuosha na kukausha, tayari ameanza utafiti. Wengine watasema hakuna maktaba kijijini. Ni kweli, na upungufu huo lazima uondolewe; lakini daftari na kalamu vinapatikana.

Kinachokosekana ni mtu wa kumwongoza, na hapo ndipo tunapoingia sisi watumishi wa umma. Mwalimu wa sekondari akutane na vijana hawa mara moja kila majuma mawili, asome walichoandika na kuwauliza: umejuaje? Ofisa ugani awapeleke mashambani. Ofisa mtendaji wa kata awaonyeshe kumbukumbu zisizo za siri, badala ya kuwafukuza mlangoni kama wapelelezi. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, ili yasomwe mbele ya waliohojiwa nao wayasahihishe. Baadaye kijana ayafanyie muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiingereza, lugha atakayoikuta chuoni.

Haya hayahitaji fungu jipya la fedha wala waraka kutoka makao makuu. Yanahitaji saa chache za mtu aliyekwisha kusomeshwa kwa jasho la wakulima na wavuvi. Mwezi Mei ujao vijana watarudi tena. Walimu na watumishi wa Mbinga na Nyasa, tuwapokee kwa swali, na kabla hawajaondoka tuwadai jibu lililoandikwa.