Kumwandaa mtoto kwa SAT ni kazi ya shule

Na Rehema Mwandoro

Tangu viongozi wa Chuo Kikuu cha California walipopiga kura mwaka 2020 kuachana na SAT na ACT, Marekani imekuwa ikibishana kama mitihani hii ya kuingilia vyuo ibaki au ifutwe. Wakati wa korona vyuo vingi viliifanya ya hiari. MIT ikairudisha 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vikafanya vivyo hivyo. Katikati ya kelele hizo, jambo linalowagusa watoto wengi zaidi halijajadiliwa ipasavyo: nani anamwandaa mwanafunzi kwa mtihani huo, lini, na kwa fedha za nani. Kwa miongo mingi kazi hiyo imeachiwa soko. Stanley Kaplan alianza kuwanoa vijana wa Brooklyn kwa ajili ya SAT katika miaka ya 1940, na biashara ya tuisheni iliyofuata imekuwa kubwa mno. Msimamo wangu ni kwamba kazi hii ni ya shule ya sekondari, ifanywe ndani ya ratiba, kwa kila mwanafunzi, bila mzazi kutoa hata senti.

SAT ya leo hufanywa kwenye kompyuta kwa saa 2 na dakika 14, na alama zake ni kuanzia 400 hadi 1600. Kuna kusoma na kuandika, kisha hisabati, na kila upande una sehemu mbili. Namna mtahiniwa alivyojibu sehemu ya kwanza ndiyo inayoamua kama ya pili itakuwa ngumu au nyepesi, na aliyeangukia nyepesi hawezi tena kufikia alama za juu kabisa. Jibu la kosa halikatwi alama, kwa hiyo kuacha swali wazi ni hasara tupu. Kikokotoo cha kuchora grafu kimo ndani ya programu yenyewe na kinaruhusiwa katika hisabati yote. Kujua haya si kipimo cha akili. Ni taratibu tu, lakini anayezijua mapema huokoa dakika na maswali ambayo mwenzake mwenye uwezo uleule huyapoteza.

Jimbo la Michigan limeonyesha kinachotokea serikali inapoacha kumtwika mzazi mzigo huu. Kuanzia 2007 liliagiza kila mwanafunzi wa darasa la 11 afanye ACT shuleni kwake, siku ya masomo, bila ada; mwaka 2016 likahamia SAT. Mchumi Joshua Hyman alipochunguza matokeo alikuta kwamba kwa kila wanafunzi 10 wa familia maskini waliokuwa wakifanya mtihani na kupata alama za kumudu chuo, walikuwapo wengine wapatao 5 wenye uwezo huohuo ambao wasingeufanya kabisa. Watoto hao walikuwa madarasani wakati wote, mbele ya walimu, na hakuna aliyewatambua. Hata hivyo, idadi ya walioingia vyuo vya miaka minne iliongezeka kidogo tu. Naona sababu iko wazi. Kumkalisha mtoto kwenye mtihani kulitosha kumgundua, lakini bado alihitaji mtu wa kumweleza alama zake zina maana gani, ajifunze nini zaidi, arudie lini na aombe nafasi wapi. Hayo yote ndiyo maandalizi, na mtoto wa familia yenye uwezo huyapata bila kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba mafunzo ya SAT hayasaidii sana. Mtafiti Derek Briggs alipopitia tafiti zilizokuwapo, mwaka 2009, alikadiria kwamba tuisheni huongeza wastani wa alama 30 hivi kati ya 1600. Nakubali makadirio hayo, nayo yananifanya nizidi kuuliza kwa nini familia itoe maelfu ya dola kununua alama 30. Kinachofaa kweli ni kusoma kwa makini, aljebra iliyoeleweka, kutafsiri majedwali na takwimu, pamoja na majaribio machache ya mtihani wenyewe. Mwalimu wa hisabati anafundisha sehemu kubwa ya hayo tayari, na mazoezi rasmi yako kwenye tovuti ya Khan Academy bure tangu 2015. Kwa hiyo hofu kwamba shule itageuka kiwanda cha mitihani haina msingi iwapo kinachoongezwa ni vipindi vichache katika muhula.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba mtihani wenyewe unapima mfuko wa mzazi. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake umeonyesha kwamba watoto wa asilimia 1 ya familia tajiri zaidi wana uwezekano mara 13 wa kupata 1300 au zaidi kuliko watoto wa familia za kipato cha chini. Pengo hilo ni aibu. Lakini ukiufuta mtihani, chuo kinabaki na insha zinazoweza kusahihishwa na mshauri wa kulipwa, barua za walimu wenye wanafunzi wachache, na michezo ya gharama. Chetty na wenzake walikuta pia kwamba kwa alama zilezile, mtoto wa familia hizo tajiri zaidi ana uwezekano wa kusoma katika vyuo vya juu kabisa zaidi ya mara mbili ya mtoto wa tabaka la kati. Dartmouth nao waligundua kwamba baadhi ya waombaji wa hali ya chini walificha alama ambazo zingewasaidia, kwa sababu hawakujua kuwa ni nzuri kwa mtu wa mazingira yao.

Haya yanazihusu moja kwa moja familia zinazozungumza Kiswahili, zikiwamo za Wakongomani wengi waliohamia Grand Rapids, Michigan. Mzazi ambaye hakusoma Marekani hana namna ya kujua kwamba PSAT, jaribio la kujipima kabla ya SAT, huja Oktoba, au kwamba mwanafunzi wa kipato cha chini anaweza kusamehewa ada ya SAT kupitia mshauri wa shule. Shule inajua, na ni wajibu wake kusema kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Mpaka itakapofanya hivyo, ndugu mzazi, nenda ukamwone mshauri wa shule mtoto angali darasa la 10. Muulize tarehe, muulize msamaha wa ada, muulize ni vipindi gani vya maandalizi vilivyopo. Akikujibu kwamba havipo, omba vianzishwe, na uwapitie wazazi wenzako muombe pamoja.