Swali la Nyota Kutoka Mpanda

Kijana mmoja wa Mpanda atuomba hukumu. Usiku wa Februari, kiasi cha saa tatu, mawingu yalipofunguka, yeye na nduguye walishindana uani ni nyota ipi iliyo kubwa. Yeye alishika ile nyeupe ing'aayo kupita zote, nayo ni Shiira, iliyotajwa katika Sura An-Najm. Nduguye alishika ile nyekundu iliyo karibu na utosi, Betelgeuse.

Abdurrahman as-Sufi alizipanga nyota kwa daraja za mng'ao katika kitabu chake cha mwaka 964. Lakini mng'ao hautoshi, kwani taa ndogo iliyo karibu huishinda kubwa iliyo mbali. Basi wapimaji huitazama nyota leo, kisha baada ya miezi sita, dunia ikiwa upande wa pili wa jua; iliyo karibu huonekana imesogea kidogo. Bessel alipima hivyo mwaka 1838. Nuru ya Shiira hutufikia kwa miaka 8 na nusu hivi. Ya Betelgeuse kwa zaidi ya 500.

Kisha rangi. Chuma cha mhunzi huwa chekundu kwanza, kisha cheupe moto uzidipo. Shiira ina joto la nyuzi karibu 10,000, fungu la A. Jua letu 5,500, fungu la G. Betelgeuse kiasi cha 3,300 tu, fungu la M. Sasa, nyota isiyo na moto mkali, tena iliyo mbali hivyo, yawezaje kung'aa vile? Hapana budi ni pana mno. Upana wake ni mamia ya upana wa jua. Wa Shiira haufiki hata mara mbili.

Nduguyo ameshinda, ijapokuwa twadhani alibahatisha.